Ngoma Haina Mfano

Mwaka wa 1953 alikuja kwetu Walikale mzungu mwenye ndevu ambaye bado alikuwa mwanafunzi. Mama yangu, Pétronille, aliona haya kwa niaba yake. Mgeni alieleza, kwa Kiswahili cha pwani kilichonyooka kupita kiasi, kwamba chuo kikuu alikwisha kukimaliza. Sasa alikuwa kwenye kingine huko London, ambako watu husoma mambo ya Asia na Afrika tu, na hatapewa shahada ya pili mpaka aandike kitabu juu ya majina tunayopigiwa kwa ngoma. Elimu haina mwisho, nikamwambia Mama, lakini hakucheka.

Aliitwa Edmund. Miezi mitatu alishinda na baba yangu, Papa Michel, mpiga ngoma wa kijiji, akiandika kila neno. Kwetu kila mwanamume ana jina lake la ngoma. Likipigwa, kijiji cha pili hulipokea na kulipeleka mbele, na mwenyewe akilisikia huacha jembe au mtego akarudi nyumbani.

Jina moja Papa hakuligusa. Kaka yangu Hilaire aligombana naye akaenda Masisi, kulima pareto ya wazungu huko Bihambwe, na miaka miwili ikapita bila salamu. Papa aliapa hatamwita. Nilimchukia kwa kiapo hicho, maana nilimwona anavyoitazama njia.

Asubuhi moja ya ukungu, Edmund aliomba apigiwe jina lolote, mfano tu. Maskini, profesa wake hakumfundisha kwamba ngoma haina mfano. Papa akaivuta ngoma karibu. Kisha akapiga jina la Hilaire, na baada yake maneno ambayo mimi na Mama tuliyaelewa vizuri: nimechoka kukungoja.

Edmund akauliza maana ya yale ya mwisho. Papa akamwambia ni salamu.

Kijiji cha pili kikapokea, kisha cha ng'ambo ya mto. Nilikaa nikisikia jina la kaka yangu likienda ndani ya ukungu, dogo, dogo zaidi, mpaka sikujua kama nalisikia au naliota. Siku nane niliishi hivyo. Nilitwanga muhogo nikilisikia, nikateka maji nikilisikia, na Mama akanigombeza kwamba siitiki nikiitwa.

Siku ya tisa Hilaire alisimama uani, miguu imejaa matope. Papa hakuinuka.

"Muzungu aliomba mufano," alisema.

"Kule Masisi ngoma haifikake, Papa," Hilaire akajibu polepole. "Bale ba kuuzisha mawese njo balinambia ku soko. Kila kijiji iko inajua umechoka kuningoja."

Niliogopa sana. Papa alikuwa mtu wa kujivuna, na hakuna aliyewahi kumwaibisha akabaki karibu naye. Hata Edmund aliacha kuandika.

"Wacha bajue," Papa akasema, akamsogezea kiti chake mwenyewe.