Mjane wa Kila Mwaka

Kila mwaka, siku ya mechi ya watani, mashabiki wa Zambarau walimzika kocha wa Chungwa. Walimzika akiwa hai, mzima wa afya, kwa jeneza tupu la mbao safi lililoandikwa jina lake ubavuni kwa rangi nyeupe. Mtengenezaji alikuwa Fundi, seremala wa mtaa, na Fundi huyohuyo ndiye aliyecheza mjane: anajitanda mtandio mweusi, anajitupa juu ya jeneza, anaangua kilio mpaka watu wanashika mbavu. Kwa kulia hakuwa na mfano. Kuna waliofunga maduka yao ili waende kumtazama akilia.

Kilichonogesha utani ni kwamba kocha huyo alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake wa kike. Wala hakuwahi kununa. Juzi tu alipita karakana, akajilaza mwenyewe juu ya meza ya kazi na viatu vyake, akasema, "Pima vizuri, shemeji. La mwaka jana lilinibana miguu." Wakacheka mpaka machozi. Asiyecheka alikuwa mdogo wake. "Kaka, huo mchezo siupendi," alimwambia kila mwaka, na kila mwaka Fundi alimjibu kuwa mpira ni mpira, asiuweke moyoni. Alimlea mwenyewe tangu wazazi wao walipofariki. Hawakuwa na ndugu mwingine, ila wao wawili.

Safari hii watu wa tawi la Zambarau walilibeba jeneza saa tatu asubuhi. Fundi alibaki nyuma kufagia maranda, mtandio umekunjwa mfukoni, awafuate baadaye. Saa nne simu ikaita.

"Kaka," mdogo wake alisema, "mume wangu amefariki."

"Unasemaje?"

"Alikuwa anafunga kamba za viatu. Ameinama hivi, hakuinuka tena. Njoo, kaka, sina mtu. Na jeneza utatengeneza wewe. Sitaki la kununua."

Simu ilipokatika ndipo Fundi akaikumbuka njia. Maandamano ya Zambarau hupita mbele ya nyumba ya kocha, husimama getini na ngoma zao, na kocha hutoka kuwapungia mkono na kuwatukana kidogo. Ndiyo nusu ya raha yenyewe. Leo wangesimama palepale, na wa kutoka angekuwa mdogo wake. Akampigia Mwenyekiti wa tawi mara tano, lakini nani asikie simu katikati ya matarumbeta? Akaacha mlango wazi, akatoka mbio na goti lake bovu, akiomba njia nzima awafikie kabla hawajafika getini.

Aliwakuta kwenye duka la dawa, mitaa miwili tu kutoka kwa kocha.

"Mjane huyo! Mjane kafika!"

Akamkaba Mwenyekiti ukosi wa jezi. "Simamisha watu! Amekufa! Kocha amekufa!"

"Amekufaaa!" umati ukaitikia, na ngoma zikapamba moto.

"Amekufa kweli! Mdogo wangu kanipigia simu sasa hivi!"

"Pole, mjane," Mwenyekiti akasema, akijifuta machozi ya kicheko. "Leo umeanza mapema."

Hebu niambieni, angesema nini? Amekufa, amefariki, hatunaye tena, kila neno la msiba walikuwa nalo midomoni tangu asubuhi wakilichezea, na aliyewafundisha kulichezea ni yeye. Akawaapia kwa kaburi la mama yake. Wakashangilia. Akaanza kulia kwelikweli, kamasi na machozi, na simu zikainuliwa juu kumpiga picha. "Mwaka huu kapania!" mtu akasema. Akalala barabarani mbele ya wabebaji wasipite. Basi wakamnyanyua kwa mikono minane, wakamweka juu ya jeneza kama desturi yao, wakaendelea na safari. Alipiga kifuniko kwa ngumi, akawasihi, akawatukana, na kila alilofanya walilipigia vigelegele.

Kwa kuwa alikuwa juu, yeye ndiye aliyeliona geti kwanza. Jirani alikuwa akiingiza viti. Wanawake wawili walisimama ukutani, mikono kichwani. Mdogo wake alitoka peku, bila shaka kwa sababu alisikia kelele.

Mpiga ngoma wa mbele akaona, akaacha kupiga. Wa pili akaacha. Jeneza likateremshwa chini taratibu, Fundi akiwa bado juu yake, na Mwenyekiti akavua kofia.

"Fundi," alinong'ona, "kumbe kweli? Sasa tufanyeje? Tuondoke? Tuvue jezi? Tuingie tukae msibani na sisi? Sema basi, wewe ndiye ndugu."

Miaka yote ile walimzika mtu huyu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kufikiria wafanye nini siku akifa.

Mdogo wake alikuja mpaka karibu. Alisoma jina la mumewe ubavuni mwa jeneza, herufi moja baada ya nyingine. Kisha akamtazama kaka yake, uso umelowa, mtandio mweusi unaning'inia mfukoni.

"Kaka," alisema, "hapo unalia, au ndiyo ile ya kila mwaka?"

Fundi alitaka kumwambia kuwa analia kweli. Alishuka, goti likamwangusha miguuni pake, akafungua mdomo, na kilichotoka ni kile kilio, kwa sauti ileile, na kule kuvuta kulekule mwishoni, maana hakuwa na kilio kingine. Huko nyuma ya umati, ambako habari ilikuwa haijafika, watu wakapiga makofi.