Gati la Kitangani

Bi Umulkheir aliepua mahamri ya mwisho, akamwachia jirani beseni amuuzie, akavaa buibui lake. Watu wa Kitangani walikuwa wamemchagua yeye na shemeji yake, Shuaib, waende mjini Amu kwenye kikao cha maoni ya bajeti wakaulize habari za gati. Kijiji hakikuwa na gati. Maji yakipwa, mashua zilikwama mbali, na mwenye safari aliyakanyaga matope au alisubiri.

Ukumbi ulijaa. Kila msemaji alipewa dakika tatu. Zamu yake ilipofika, Bi Umulkheir alisimama na nakala ya bajeti ya mwaka jana, imekunjwa mara nne.

"Mwaka jana mulituandika humu," alisema. "Hatukuona hata jiwe. Mwaka huu hata mstari wenyewe haupo. Umekwenda wapi?"

Mkubwa wa bajeti alifunua kitabu chake. "Mama, pesa hazikutosha. Kwenye mashauriano, wawakilishi walilegeza kidogo na serikali ikalegeza kidogo. Gati lenu likaahirishwa. Fedha zikaenda kukarabati afisi."

"Na sisi, nani alitulegezea?"

"Yalikuwa makubaliano, mama."

"Mwanangu Aaliya alishikwa na uchungu mwezi wa Shaabani. Mai yalikuwa yamekupwa. Tulimbeba na kitanda, matope yakitufika mapajani. Alikuwa akiniuliza, 'Mama, bado?' Namwambia karibu. Tulipoifikia mashua—"

Simu ya mwongozaji wa kikao ikalia. Dakika tatu zimekwisha.

"Pole sana, mama. Maoni yako yamepokewa. Anayefuata?"

Mtu alimtoa kipaza sauti mkononi, polepole, kama anayemnyang'anya mtoto kisu.

Mlangoni palikuwa na meza, na nyuma ya meza Adnan, karani. Alikuwa amesoma darasa moja na Aaliya tangu chuo cha Kurani hadi sekondari. Siku ya maziko yake Aaliya, alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza.

"Shikamuu, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Tia sahihi hapa nikupe nauli."

Bi Umulkheir alisoma maneno ya juu ya karatasi kwa kidole, neno baada ya neno. *Wananchi walioshiriki na kuridhia.*

"Kuridhia nini?"

"Ni maneno ya kawaida tu, mama. Wasiposhiriki watu bajeti haipiti."

"Mimi sikuridhia."

Shuaib alimsogelea. "Shemeji, tia tu. Petroli ya kuya nimekopa. Ya kurudi tutaitoa wapi?"

"Tia yako."

Shuaib alitia yake. Kisha akageuza bega, akaandika tena. Akapokea bahasha mbili.

"Nimekutilia na wewe," alinong'ona bila kumtazama. "Unisamehe."

Hakumkasirikia. Alilijua dumu la petroli la Shuaib lilivyo tupu, na alijua watoto wake ni wangapi. Lakini alirudi mezani, akaichukua kalamu ya Adnan, akalikata jina lake. Akalikata tena na tena hadi karatasi ikapasuka.

"Mwambie mkubwa wako," alisema, "mamake Aaliya hakuridhia."

Mkubwa alitoka ukumbini, akaitazama ile karatasi.

"Hii haipelekwi hivi. Nakili upya."

"Na sahihi, bwana?"

"Nakili majina. Inatosha."

Adnan akatoa karatasi safi, akapiga mistari kwa rula, akaanza. Shuaib alikuwa ameshatangulia kwenda kutafuta petroli. Bi Umulkheir alibaki kizingitini, akiutazama mkono wa kijana ukishuka jina baada ya jina. Ulipofika kwake ukasita. Adnan aliinua macho, wakatazamana. Ukumbini watu wa kijiji kingine walikuwa wakiomba kisima.

Adnan alijifuta uso kwa kiganja. Kisha akainama, akaandika *Umulkheir* kwa herufi nzuri, zinazosomeka, na kuendelea na jina lililofuata.