Mama Mwenye Mwiko

Kaka yangu Mhina alitumwa chumvi Korogwe, akarudi baada ya mwaka mzima, na chumvi yenyewe hakuileta. Alileta vikopo vya rangi alivyopewa na mwenye duka mmoja wa Mombasa baada ya kumchorea simba mlangoni. Mama alipomuuliza chumvi iko wapi, aliduwaa, akawa kama ndiyo kwanza anaisikia habari hiyo.

Ndivyo alivyokuwa. Miguu yake haikujua kutulia, na mikono vilevile. Alikata mkonge kwenye mashamba ya Korogwe, akapanda milimani Vugiri kulima vibarua, akafika hadi Nairobi, na kila alipolala aliacha picha ukutani. Manamba, wale vibarua wa mkataba waliotoka mbali, walipenda awachoree makwao: huyu ng'ombe wa kwao, yule ziwa la kwao. Hapa kwetu Handeni walimwita mzururaji. Mimi niliwajibu, na wanaonijua wanajua Hamisa akijibu inakuwaje.

Siku moja alikuwa anachora garimoshi kwa mkaa kwenye ukuta wa baraza. Mama akatoka jikoni na mwiko wa ugali mkononi, akaanza kumgombeza, maana ukuta ule alikuwa ameukandika juzi tu. Mama aligomba, na Mhina akachora. Mama alipomaliza kugomba, yeye mwenyewe alikuwa ukutani: mkono mmoja kiunoni, mwiko juu, mdomo wazi. Aliitazama ile picha, akasema pua si yake, akarudi jikoni. Tukamsikia anacheka peke yake huko ndani. Hakuifuta.

Kisha vikaja vita vya Hitla. Mhina akawa keya, askari wa Mwingereza, wakampeleka ng'ambo ya bahari, Seloni, kisha Bama. Mama alifariki yeye akiwa huko, habari akazipata kwa barua. Mama hakuwahi kupigwa picha maishani mwake, kwa hiyo sura yake ilibaki pale ukutani tu. Niliilinda. Masika nilining'iniza jamvi kuikinga na mvua, na mbuzi aliyejikuna pale alijuta kuzaliwa mbuzi.

Vita vilipokwisha, dereva wa lori akatuambia amemwona Mhina stesheni ya Korogwe, ameshuka na mzigo wake. Sikungoja. Mtu aliyewahi kupotelea kwenye chumvi humwachii njia aijue mwenyewe. Nikamwachia shangazi Mwatumu nyumba, nikapanda lori kumfuata.

Nilimkuta kwenye mgahawa karibu na stesheni, anachora tembo aliyebeba magogo, watu wamemzunguka, chai yake imepoa. Nikamwamkia shikamoo, naye akanikumbatia mbele za watu, tukalia bila haya. Kabla hajauliza habari ya mtu yeyote, akauliza, "Yule mama wa ukutani yupo?"

Akanieleza kwamba huko Bama alijaribu kumchora kila mahali, hata kwenye mbao za masanduku ya risasi. Mkono ulikuja, mwiko ulikuja, uso ulikataa. Alikuwa anaogopa amemsahau. Kaburi lake hajaliona, na sasa hata uso wake hana. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mama yupo, na kesho atamwona. Niliahidi kifua mbele.

Sasa jueni jambo moja. Kwetu mgeni wa mbali hapokelewi kwenye nyumba iliyochubuka. Nilipoondoka tu, shangazi Mwatumu aliwakusanya wanawake wa mtaa mzima, wakachota udongo, wakaikandika nyumba yangu pande zote, kisha wakaipaka udongo mweupe. Hata jamvi langu walilifua. Mmoja aliuliza juu ya picha, shangazi akamjibu kwamba fundi anakuja mwenyewe, atachora nyingine nzuri zaidi.

Tulishuka kwenye lori tukapokewa kwa vigelegele. Nyumba ilikuwa inang'aa. Mhina aliuweka mzigo chini, akaenda moja kwa moja barazani, akabandika kiganja ukutani. Udongo ulikuwa bado na unyevu. Aliketi chini pale pale, na vigelegele vikakatika.

Mimi nikapasuka. Nilimpokonya mpishi wa wali mwiko wake nikaanza. Nilimgombeza shangazi, na ni mkubwa wangu, Mungu anisamehe. Niliwagombeza wenzake, nikagombeza udongo wao, nikagombeza mbuzi wao wote. Walipokwisha wa kugombezwa nikamgeukia Mhina, nikamkumbusha kwamba mpaka leo ile chumvi hajaileta.

Mhina aliinua kichwa, akanikodolea macho. Kisha akaanza kucheka huku machozi yanamtoka.

"Hamisa," akasema, "usinyamaze. Endelea kugomba."

Nikamwambia kwa hilo hana haja ya kuniomba. Alichomoa mkaa jikoni, akarudi mbio kwenye ukuta. Mimi nikagomba na yeye akachora, hata sauti ikanikauka na mkono ukaniuma. Nilipotaka kuushusha mwiko, shangazi Mwatumu, ambaye nilikuwa nimemtukana muda si mrefu, akaniomba kwa upole, "Inua, mwanangu. Inua."

Halafu shangazi akaziba mdomo kwa kanga. Akausogelea ukuta, akasema polepole, "Wifi yangu. Umerudi."

Nikageuka. Alikuwa mama. Jicho lake, kidevu chake, ule mdomo wake wa kugomba. Mhina alikuwa amesimama mbele yake na mikono myeusi, anamwamkia. Wali uliungua, tukaula hivyo hivyo, na ngoma ikapigwa.

Mhina hakukaa, nani alitegemea angekaa? Mwaka uliofuata nilimtuma mafuta ya taa, na mpaka sasa nayasubiri. Lakini wasafiri wanaopita hapa huniletea habari. Mmoja amemwona mama mwenye mwiko kwenye ukuta wa hoteli Tabora. Mwingine kamkuta Kwamndolwa, mwingine kwenye kambi ya manamba huko Kilosa, na watoto wanamwogopa. Wakiwa wanasimulia hunitazama vizuri, wakaanza kucheka.

Nawaambia yule si mimi, ni mama. Kisha nawauliza kama pua Mhina ameipatia.