Redio Iliyogeuziwa Ukuta

Nyumba ile ilikuwa na vyumba tele, bomba moja na masikio yasiyohesabika. Mwenye chumba cha mlangoni aliitwa Bi Gazeti, na hakuna haja ya kueleza kwa nini. Yeye ndiye aliyejua kwamba mume wa mshonaji, dereva wa lori la masafa, siku hizi akija huja kubadilisha mashati tu. Ndiye aliyejua pia kwamba mke wa fundi redio alikwenda mji wa pili kuuza vitambaa, biashara ikamnogea huko huko.

Mshonaji na fundi walitenganishwa na ukuta mwembamba. Wakikutana bombani ni "Umeamkaje, shemeji," na "Salama, shemeji," basi, kila mtu na ndoo yake. Lakini jioni, saa ya mchezo wa redio ikifika, mshonaji aliinua mguu kwenye cherehani, akaegemea ukuta, akasikiliza. Sauti ilimjia safi, utadhani waigizaji wamekaa kitandani kwake wanatafuna karanga. Alidhani ni bahati ya ukuta mbovu.

Mpaka siku ile wanafua uani, Bi Gazeti akaanza.

"Jamani, fundi wetu kapatwa na nini? Nimempelekea redio yangu, namkuta anasikiliza mchezo kakaa nyuma ya redio yake. Mdomo wa redio kaubandika ukutani kama mtoto aliyetiwa adabu."

"Labda alikuwa anaitengeneza," mmoja akasema.

"Anatengeneza nini na mchezo unanguruma? Nikamuuliza. Eti kwa nyuma sauti inapumua vizuri."

Wanawake wakacheka mpaka mapovu yakaruka. Mshonaji naye akacheka, ila kwa kuchelewa, na shati lililokwisha takata akalirudisha kwenye maji machafu.

"Na ukuta wenyewe ni wa nani vile?" Bi Gazeti akauliza, jicho pembeni.

Jioni ile sauti haikuja. Ulisikika mnong'ono wa mbali tu. Fundi alikuwa amekisikia kicheko, akaigeuza redio yake. Mshonaji akakanyaga cherehani, akashona mkono wa gauni kwenye shingo, akaufumua. Miaka yote hii hakuna mtu aliyemfikiria kiasi hicho, tena kimyakimya, bila kumdai hata asante. Akinyamaza, jioni zake zitarudi kuwa za cherehani na mashati. Akimfuata chumbani, Bi Gazeti atakuwa na toleo la asubuhi, na jina lake zuri ndilo pekee alilobakiwa nalo.

Kesho yake, kabla ya saa ya mchezo, akabeba kigoda chake. Hakunyata. Alipita katikati ya ua, watu wanapika, wanamenya, akasimama nje ya mlango wa fundi.

"Hodi, shemeji."

Fundi akatokea na bisibisi mkononi, ingawa hakuna alichokuwa anafungua. "Karibu... shemeji."

"Ndani siingii. Toa redio uani. Nyumba nzima tunaokota makombo ya mchezo wako kupitia ukutani, kwani sisi si watu?"

Bi Gazeti ndiye aliyeinuka kwanza, akakokota mkeka wake. "Hayo ndiyo maneno. Mimi nakaa hapa katikati."

Na kweli akakaa katikati, mshonaji huku, fundi kule. Redio ikawekwa juu ya meza, waya umepitishwa dirishani. Fundi akaigeuza kidogo, akakaa, akainuka, akaigeuza tena.

"We fundi, mbona mimi nasikia kwa sikio moja?" Bi Gazeti akalalamika.

"Hivyo ndivyo inavyopumua vizuri."

Kisha, macho yakiwa kwenye vitufe, akauliza polepole, "Sauti inafika, shemeji?"

Mshonaji akaweka mikono mapajani. Jioni ile, kwa mara ya kwanza, mikono hiyo haikuwa na kazi.

"Inafika," akasema. "Siku zote ilikuwa inafika."

"Nyamazeni nyie," akasema Bi Gazeti, akiwatazama mmoja baada ya mwingine. "Mchezo ndio kwanza unaanza."