Sekunde Kumi na Mbili

Ujumbe wa kwanza wa sauti ulimfikia Lydia Jumapili moja, wiki ileile aliyopokea barua ya kazi kutoka Ujerumani. Ulitoka kwenye simu ya Gerson, msimamizi wa shamba la zabibu la Makutupora ambako baba yake, Mzee Bartolomayo, alifanya kibarua. Lydia aliusikiliza huku akikunja nguo. Alisikia mchakacho, kisha sauti za vyuma vidogo, kama matone ya mvua ya kwanza juu ya bati, kisha kimya kirefu. Akahitimisha kwamba simu ilijibonyeza mfukoni mwa Gerson. Akaufuta.

Jumapili iliyofuata ulikuja wa pili, kisha wa tatu. Hakuwa na muda nao. Alikuwa muuguzi, na hospitali iliyomwajiri ilitaka kwanza afaulu mtihani wa lugha. Masomo yote yalikuwa ndani ya simu, na simu yenyewe ilikuwa kuukuu. Kila alipopakua somo jipya ilimwambia kwamba nafasi imejaa. Basi alifuta picha za harusi za watu, akafuta mahubiri, akafuta na jumbe za Gerson bila kuzifungua.

"Punguza hicho Kijerumani, shoga," alilalamika Salha, aliyepanga naye chumba mtaa wa Ipagala, mjini. "Ukisoma nadhani unakohoa. Ukikohoa nadhani unasoma."

"Ngoja nifaulu, utaniomba nikufundishe."

"Nimsemeshe nani? Muuza mchicha?"

Jumbe zilifika nane, kisha zikakoma. Saba alizifuta. Wa nane ulisalia kwa sababu ulifika mtihani ukiwa umekwisha.

Siku mbili kabla ya safari, Lydia alikwenda Makutupora kuaga. Alimkuta baba yake ameketi kivulini mbele ya nyumba, mkono wa kulia umefungwa bendeji.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbukwa, mwanangu," aliongeza salamu ya Kigogo.

"Mbukwa. Mkono umefanya nini?"

"Mkasi wa kupogolea mizabibu. Nilidhani nimeshika tawi, kumbe nimejishika mwenyewe."

Mzee alicheka. Lydia hakucheka. Alipiga magoti, akaifungua bendeji kwa mikono iliyozoea kazi hiyo. Kidonda kilikuwa kimefunga, lakini kidole gumba hakikukunjika. Kano ilikuwa imekatika, na wakati wa kuishona ulikuwa umepita.

"Lini?"

"Wiki ya tatu hii."

"Na hamkuniambia!"

"Gerson alitaka kukuambia, nikamkataza. Ungeahirisha safari."

Walikula ugali wa uwele na mlenda bila maneno mengi. Mzee alikula kwa mkono wa kushoto, jambo ambalo asingemruhusu mwanawe yeyote kulifanya. Baada ya kunawa aliuliza, kama mtu aulizaye habari za hali ya hewa:

"Nyimbo zilifika?"

"Nyimbo gani, baba?"

Mzee aliinuka, akaingia ndani, akarudi na kitu kilichofungwa katika khanga iliyopauka, ya marehemu mkewe. Ilikuwa ilimba yake, sanduku dogo la mbao lenye safu ya vyuma vya kupigwa kwa vidole gumba. Lydia aliijua kama kitu kinachokaa chini ya kitanda. Mama yake, Emiliana, alifariki Lydia akiwa na umri wa miaka minne, na kwa alivyojua, tangu hapo haikulia tena.

"Nilikuwa nakutungia wimbo wa kukuaga," alisema mzee. "Vipande vinane, kila Jumapili kimoja, Gerson akirekodi. Naanzisha, halafu nanyamaza ili upokee. Ndivyo nilivyoimba na mama yako. Mimi narusha, yeye anadaka."

Lydia alielewa kile kimya. Kilikuwa nafasi yake.

"Hukujibu. Nikasema, yuko kazini. Kilipofika cha tano nikasema, labda hakupenda. Lakini wimbo ukishaanza haukatwi katikati. Nikamaliza."

"Baba, nilizifuta." "Nilidhani simu imejibonyeza yenyewe."

Kuku walipita kati yao wakidonoa masalia ya ugali.

"Kumbe," alisema mzee. "Basi mfuko wa Gerson unajua kupiga ilimba."

Mzaha ule ulimuumiza Lydia kuliko kukaripiwa. Alishika simu. "Kwake zitakuwapo. Nitampigia."

"Hutampata. Juzi simu yake ilitumbukia kwenye pipa la dawa ya mizabibu. Imekufa."

"Basi niimbie wewe, kwa mdomo."

"Maneno yalikuwa machache, mwanangu. Wimbo wenyewe walikuwa nao vidole. Mimi nilikuwa nawafuata tu." Akakitazama kidole chake kilichonyooka. "Huyu mmoja ameshaondoka."

Lydia aliufungua ujumbe wa nane, akaiweka simu juu ya kigoda katikati yao.

Vyuma vililia. Mkono mmoja ulikwenda taratibu, kama mtu anayepanda mlima na mzigo. Mwingine ulikimbia mbele, ukarudi, ukamzunguka mwenzake, ukakimbia tena. Lydia alikuwa amesikiliza muziki wa kila aina maishani mwake, na huu hakuwahi kuusikia, ingawa ulikuwa ukilala chini ya paa alilokulia. Kisha sauti ya baba yake iliingia, ya chini, yenye mikwaruzo. Aliimba kwa Kigogo. Alimtaja Emiliana, akamtaja Lydia, akamalizia na neno moja: kukaya, nyumbani.

Kisha kimya. Sekunde kumi na mbili zilipita, ujumbe ukaisha.

"Hapo ndipo pako," alisema mzee.

"Niimbe nini?"

"Mama yako alilirudisha neno langu la mwisho, halafu akaongeza la kwake."

Mara ya kwanza Lydia alichelewa kuingia. Mara ya pili aliwahi kabla ya wakati. "Rudia," alisema mzee, bila ukali. Mara ya tatu aliingia pale palipotakiwa. Alilirudisha neno la baba yake, kisha akaongeza la kwake kwa Kigogo chake cha kubabaisha: nimesikia.

Alilirekodi jibu hilo, akalituma kwenye namba ya Gerson, kwa kuwa ndiyo njia ambayo wimbo ulipitia. Tiki moja ya kijivu ilitokea. Ya pili haikutokea.

"Limefika?" aliuliza mzee.

Lydia aliitazama ile tiki.

"Limekwenda, baba."

Mzee aliitika kwa kichwa, akaanza kuifunga ilimba katika khanga ya Emiliana. Fundo lilimshinda. Lydia alishika ncha moja, baba yake akashika nyingine, wakavuta pamoja mpaka fundo likakaza.