Sauti ya Mwanamvua Kwenye Kompyuta ya Chama

Mke wangu Mwanamvua ndiye aliyekuwa karani wa chama chetu cha wakulima wa mihogo huku Msimbu. Matangazo ya mikutano aliyarekodi kwenye kompyuta ya ofisi, kisha yakapigwa kwenye spika ya nje. Alipofariki, arobaini ilipokwisha, vitu vyake tukavigawa kama ilivyo desturi. Simu ikaenda kwa mdogo wake Mlandizi, naye akafuta kila kilichokuwamo apate nafasi ya picha za harusi. Simlaumu, ilikuwa haki yake. Ikabaki ile kompyuta tu. Kila Ijumaa nikitoka msikitini nilipitia ofisini, nikawekewa tangazo lake moja nisikilize, nikaenda zangu.

Ndipo mwenyekiti wetu, Abdulwahab, alipotuonyesha uongozi. Kompyuta ilikuwa nzito kuwaka. Mwenye akili angeita fundi. Yeye akaazima nakala ya mfumo wa kuendeshea kompyuta iliyotolewa kwenye mashine ya chama jirani, akaipachika kwenye yetu, eti kwa kuwa zote nyeusi na zinafanana. Tangu siku hiyo ukiiwasha inaleta kioo cheusi na maandishi meupe, inajizima, inawaka tena, vilevile.

"Tuiuze chuma chakavu, mzee Shomari," akaniambia. "Hii mali ya chama, siyo kaburi la mkeo."

Wakubwa ndivyo walivyo. Wakiharibu, kosa ni la kilichoharibika. Nikaipakata kwenye bodaboda mpaka Misugusugu, kwa fundi mmoja mwenye kibanda kando ya barabara, binti anaitwa Stellamaris.

"Shikamoo, mzee. Inaumwa nini?"

"Marahaba. Inaumwa mwenyekiti."

Akacheka. Akaingia kwenye mipangilio ile inayotangulia kabla mashine haijaamka, akabadili namna inavyosoma diski. Ikawaka. Mafaili yalikuwa yamewekwa sehemu ya peke yake, hayakuguswa. Nikaliona jina la Mwanamvua. Binti akabofya. Mstari ukatembea mpaka mwisho, kimya.

"Sauti ipo, baba. Draiva ya spika, ile programu ya kuiendesha, ndiyo haipo. Waliyoweka ni ya ile kompyuta nyingine."

"Kwa viongozi wetu hawa, hata draiva angekimbia."

Akawasha intaneti ya simu yake, akatafuta. Ya kwanza ilikataa. Ya pili ikaizima mashine kabisa, na mimi nikakaa chini. Akaiondoa, akaanza upya. Wakati namsubiri nikajaribu kuisikia sauti ya mke wangu kichwani mwangu, ikawa inakuja ya mdogo wake.

Kisha spika ikakoroma.

"Wanachama wote mnaarifiwa kuwa... ngoja basi, baba Rahma, narekodi. Chai ipo kwenye chupa. Wanachama wote mnaarifiwa..."

Baba Rahma ndiye mimi. Hilo ofisini hawakuwahi kuniwekea. Alikuwa amelikosea, akarekodi jingine.

"Hapa mwanzo pameharibika," binti akasema. "Nikukatie?"

"Paache, mwanangu."

Akachomeka memori kadi ya simu yangu, akaanza kunihamishia yote. Yalikuwa mengi, yanakwenda polepole. Simu ikaita. Abdulwahab.

"Vipi, imewaka? Watu wa mizani wanakuja kupima mihogo, tunaitaka ofisini."

Nikamwashiria binti kwa kidole arudie lile la chai, ila apunguze sauti.

"Bado," nikamjibu. "Haijawaka."