Farasi Aliyeozwa Pipa

1.
Karata. Farasi dume, kahawia, bingwa wa kutenga ng'ombe.

Mchezo wenyewe ni huu: anaingia kundini, anamtoa ndama mmoja, kisha mpandaji analegeza hatamu. Kuanzia hapo ni akili ya farasi tu. Ndama akikimbilia kushoto, Karata yuko kushoto. Akigeukia kulia, amemtangulia. Watazamaji wenye kofia pana wanashangilia: mnyama mmoja amezuiwa asirudi kwa wenzake.

Wewe unayesoma, usipige makofi bado.

2.
TANGAZO KWA WAFANYAKAZI WOTE WA RANCHI
Karata amestaafu mashindano. Sasa ni farasi wa mbegu.
(a) Atakaa katika zizi la peke yake.
(b) Ni marufuku kumkutanisha na majike.
(c) Wake na watoto wa wafanyakazi wasionekane ndani ya ua.
— Meneja

Karatasi moja. Msumari mmoja.

3.
Mbegu inakingwa hivi: pipa limevishwa ngozi, limepakwa mkojo wa jike. Karata analipanda. Kinachotoka kinagandishwa, kinasafirishwa. Ana watoto mpaka ng'ambo.

Hajawahi kugusa jike.

4.
"Bwana harusi ameamkaje?" Chepkwony, mchunga ng'ombe, aliuliza akiegemea ua.

"Amekataa pipa tena," akajibu Ekidor, saisi anayemtunza Karata.

"Hata mimi ningekataa. Pipa halipiki."

"Meneja amempa mpaka Ijumaa. Akikataa, bunduki."

Chepkwony akaacha kucheka. "Na wewe je?"

"Mimi ni nini? Nitapewa farasi mwingine nimchane."

5.
Simu, Jumatano jioni. Akiru, mke wa Ekidor, yuko Lodwar.

"Baba Ekal, mtoto ameniuliza kama wewe ni sauti tu."

"Mwambie baba yake—" Simu ikakatika.

6.
Ekidor hasahau. Mwaka ule wa ukame babake aliingiza mbuzi humu ranchini, kwenye majani yaliyokuwa yakinyauka bila mlaji. Akafungwa. Mbuzi wakauzwa. Mwana akaja kuomba kazi kwenye lango lile lile, maana njaa haina kumbukumbu.

Yeye anayo.

7.
Alhamisi, jua limeshapanda, meneja yuko mjini. Ekidor aliwaza kama mtu wa mifugo: dume anapewa jike, basi. Akishampanda, nani atasema hafai? Nani atampiga risasi?

Akafungua lango la bondeni, kwenye majike.

"Haya, mwanangu. Nenda kwenu."

8.
Alikwenda.

Masikio mbele. Majike wakainua vichwa, mmoja akalia kwa kumkaribisha. Ekidor akashika nguzo ya lango.

Karata akaingia kati yao polepole, kama alivyofunzwa.

Akamchagua mmoja, mweupe.

Akamtoa.

9.
Jike akarudi kushoto.
                              Karata.
Akarudi kulia.
          Karata.

Hakumnusa. Hakumgusa. Shingo chini, magoti yamekunjwa, alisimama kati yake na wenzake, kazi safi, bila kosa hata moja, na hapakuwa na mtu mgongoni wa kumwambia imetosha.

"Mwache apite," Ekidor alisema. "Karata. Mwache."

Kundi likaanza kusogea mbali.

Vumbi la gari la meneja barabarani.

10.
Yule jike mweupe akachoka kujaribu. Akasimama akihema. Karata naye akasimama, karibu pua kwa pua, bado akilinda nafasi tupu nyuma yake.

Ekidor akaanza kutembea kuwaendea, polepole, akiwa hana kamba, akiwa hana—

Jike akapiga hatua moja mbele, si kushoto wala kulia, kumwelekea Karata.